Shimo la Rwegasira

Mwaka 1986, Celestin, mfanyabiashara wa Nkwenda, alifika Nyaishozi kununua gari la spoti la marehemu Rwegasira. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, na halikuwa na injini.

"Shikamoo mama. Bila injini, hili ni banda la kuku."

"Marahaba. Kuku wangu wamelikataa," alijibu Deodatha, mjane wa Rwegasira.

Mwanawe Elpidius alicheka. Yeye alitaka gari lifufuliwe, lakini uamuzi ulikuwa wa mama yake.

Deodatha na Elpidius walijua injini ilipo. Vita vya 1978 na Uganda vilipoanza, mumewe aliipaka samli, akaifunga kwa majani ya migomba na kuifukia katika shimo la kuivishia ndizi za pombe, ili askari wasilitamani gari. Alifariki kabla ya kuifukua. Kwa desturi ya kwao, shimo hufunguliwa na aliyelifukia. Mkono mwingine huharibu ndizi. Kuuza gari kungemwepusha Deodatha na shimo lile.

"Baba alipoifukia injini, nani alimshikia majani?" Elpidius aliuliza taratibu.

Deodatha alishtuka. "Mimi."

"Basi mlifukia wawili, mama."

Deodatha akachukua jembe mwenyewe, akafukua. Majani yalikuwa yameoza, lakini samli ilikuwa imegandia chuma. Elpidius alipiga magoti shimoni, akasukuma puli, gurudumu la mkanda wa injini. Ilikwama, kisha ikazunguka kidogo; injini ilikuwa haijafa.

Celestin akaongeza bei papo hapo.

"Hapana, baba," Deodatha alimwambia, akijifuta udongo kwa kanga. "Ndizi zilizoiva hazirudishwi shimoni. Na banda la kuku haliuzwi."