Kaneza wa Kaseti Isiyofika

Kitendawili, wajukuu. Mji mzima unakiona kikipita asubuhi, na ukiuliza, hakuna aliyekiona. Fikirini. Hamjui? Basi nipeni mji. Bujumbura sitaki, ina wenyewe. Nipeni Uvira, jibu liko huko.

Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Kule mtaa wa Kimanga, Papa Gaspard alikuwa na chumba cha mabati, televisheni moja na jenereta, na mchana aliwaonyesha watoto filamu za kuchorwa. Mlangoni Apollinarie aliuza mandazi. Filamu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya mtoto mwovu, msichana wa miaka tisa mwenye akili kuwapita wakubwa. Aliiba daraja. Alimtilia meya sumu kwenye chai. Inspekta mwenye masharubu alimfuata, na mwisho wa kila kaseti aliwakusanya watu wote chumba kimoja na kumtaja mwenye kosa, lakini mtoto alikuwa amekwisha kutoroka. Angekamatwa kwenye kaseti ya mwisho. Hiyo ilibaki ng'ambo ya mpaka, kwa sababu barabara ilifungwa.

Alasiri moja mafuta ya jenereta yaliisha katikati ya filamu. Picha ikazimika, na yule mtoto mwovu wa kwenye filamu akabaki nje, amesimama mbele ya benchi. Papa Gaspard akamwambia akae, anawazibia wenzake. Jioni kila mtoto akaenda kwao. Huyu hakuwa na kwao, basi Apollinarie akamchukua pamoja na beseni lake la mandazi.

Jina lake la kwenye kaseti lilikuwa refu, watoto wakamwita Kaneza, yaani kazuri. Alikuwa na mstari mweusi kuzunguka mwili wote. Ukimtazama kwa ubavu alikuwa mwembamba kama ubao, na Naomie, binti wa Apollinarie aliyelala naye mkeka mmoja, alisema hachukui nafasi. Upepo wa ziwa haukutikisa nywele zake. Alipozungumza, midomo ilitangulia na sauti ikafuata nyuma kidogo, maana sauti alitiwa na watu wengine. Mwanzoni ilikuwa ya Kifaransa. Mvua zilipokwisha ikawa ya Uvira.

Uovu hakuuacha. Asubuhi moja bariyeri, kile kizuizi cha wanajeshi, haikuwepo barabarani. Alikuwa ameikunja na kuiweka chini ya mkeka. Askari wakaja kuiulizia. Apollinarie akamwambia airudishe, akairudisha. Alipofika nayo, wenzao walikuwa wamekwisha kufunga kamba mahali pake.

Nyumba ile ilikuwa na msiba. Placide, mtoto wa kwanza wa Apollinarie, alilima mpunga Kiringye. Wanajeshi walimkuta shambani, wakasema yeye ndiye anayewalisha watu wa milimani. Kuna mtu alikuwa amewaonyesha. Alirudishwa nyumbani chini ya turubai. Siku ya kuzika, Libérat, chefu wa avenyi, yaani mkuu wa mtaa, alimshika Apollinarie mkono na kuukawiza mkononi mwake.

"Mama Placide," akasema, "Mungu amekuachia Naomie. Tumuchunge muzuri."

Msimu uliofuata Libérat alilima shamba la Placide. Na kila asubuhi alipita njia ile juu ya baiskeli ya Placide, yenye kengele inayokwama katikati ya mlio.

Kaneza alilitazama jambo hili kama fundi anavyotazama meza ya fundi mwingine.

"Hii kazi ni mubaya," akasema, unga mikononi. "Velo ya Placide hakuipakaa hata rangi. Kwetu muntu akifanya kosa, anaficha."

"Nipatie mwiko," akasema Apollinarie.

"Mama, wote munamujua. Juu ya nini munamusalimia?"

Apollinarie akageuza mandazi. Mafuta yalikuwa ya moto, na mandazi hayangoji mtu.

Ikafika siku ya kuondoa matanga. Watu walijaa uani, wengine mpaka kwenye mlango wa jirani. Kaneza alikaa mbele, magoti pamoja. Watu wote mahali pamoja, kama mwisho wa kaseti. Basi akawa anautazama mlango, akimngoja inspekta. Inspekta hakuja.

Mjomba Ildephonse alisimama kueleza kifo, kama ilivyo desturi.

"Placide alikufa na vita," akasema, akakaa.

Watu wakaitikia, kama wanavyoitikia malaria. Libérat, kwa kuwa yeye ndiye chefu, akauliza: "Nani iko na neno?" Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, karibu na sufuria za maharage. Mzee mmoja akakohoa. Wote wakamgeukia. Akasema ni kikohozi tu.

Ndipo midomo ya Kaneza ikaenda. Watu wakangoja.

"Ni minye," sauti ikasema.

Akaeleza jinsi alivyomuua Placide yeye mwenyewe. Kulikuwa na barua ya uongo, njiwa aliyefundishwa kusoma saa, na handaki kutoka ziwani mpaka Kiringye. Ulikuwa mpango mzuri, wenye mwanzo na mwisho, na ulikuwa na heshima kuliko ukweli. Bibi Concilie akauliza kama handaki halikuingia maji. Kaneza akamweleza habari za pampu, na bibi akaridhika. Hakuna aliyesema kwamba siku Placide alipouawa Kaneza alikuwa bado ndani ya televisheni.

Libérat akamshukuru kwa kusema kweli. Kwa vile ni mtoto, akamhukumu awachotee maji wafiwa. Watu wakashusha pumzi, wakaomba sahani, wakala. Kisha chefu akapanda baiskeli akaenda kwake.

Asubuhi Kaneza alirudi na bidoni ya maji kichwani. Maji yalimwagika begani na hayakumlowesha.

"Weye mujinga," Naomie akamwambia. "Ulijiingiza mule juu ya nini?"

"Watu wakikusanyika vile, lazima mumoja apatikane. Nilingoja mwenye kosa asimame. Hakusimama." Akamgeukia Apollinarie. "Na weye, mama, haukunijibu juu ya nini munamusalimia."

Kengele ikalia, ikakwama, ikamalizia.

"Jambo, Mama Placide."

"Jambo, chefu."

"Naomie iko muzima?"

"Iko muzima."

Libérat akachagua andazi lililoiva vizuri, akaliuma, akaendelea na njia yake.

Kaneza akatua bidoni. Swali hakulirudia. Apollinarie aliitazama baiskeli mpaka ikaishia kwenye kona. Midomo yake ikaenda, na sauti haikutoka. Naomie, aliyekwisha kuzoea mambo hayo, akangoja. Mandazi yakaanza kuungua na hakuna aliyeyageuza. Kisha sauti ikafika.

"Nilibakia na mumoja."