Uso Nusu wa Mwanne

Bibiana hakuwa mjinga. Alikuwa binti wa kasisi wa Masasi, mke wa mwalimu Edmund, na alijua kabisa kwamba mwanamke wa kanisa akichanjwa nembo, zile chale za urembo, usoni atatengwa, na mumewe atapoteza kazi ya shule. Alijua, na bado akaenda kwa Majaliwa, fundi wa nembo. Watu wa Newala wanauliza mpaka leo alifuata nini.

Alifuata ule mkono. Mwaka aliotawazwa Malkia wa Waingereza, akitoka kuteka maji bondeni, alimwona fundi yule akimchanja mwanamke kwenye paji la uso. Kisu kinapita, mstari unazaliwa, umenyooka kana kwamba umepimwa kwa uzi, kisha mkaa unasuguliwa juu ya damu. Bibiana akatua mtungi. Mungu wangu, binadamu anaweza hivi?

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Mwalimu. Kaa. Mimi simkati mtu asiyeomba." Sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na haraka na chakula chake. "Nitakuchora kwa mkaa tu. Mkaa unaoshwa."

Ukaoshwa kweli. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Kila asubuhi Majaliwa alimwinua kidevu kwa kidole kimoja, akachora, akampa kioo, na Bibiana akaona humo mtu mkubwa kuliko yeye. Akishanawa, uso wake mwenyewe ulimchosha kama kisamvu kisicho na chumvi. Neno "nikate" lilikuwa likimpanda kooni. Majaliwa alilisikia likija, akasubiri.

Wiki ya tatu hakumkuta nyumbani. Akamfuata shambani, akakuta wanawake saba wakimlimia mihogo. Wote walikuwa na nembo, na wote shavu la kushoto lilikuwa tupu.

"Anasema atatumalizia tukishavuna," alisema Mwanne, mkubwa wao. "Mwaka wa sita huu anasema hivyo."

"Si uende kwa fundi mwingine, dada?"

"Fundi hagusi kazi ya fundi mwenzake, ni mwiko. Na nyumbani nirudi vipi na uso nusu? Watanicheka mpaka kaburini."

Bibiana akayahesabu majembe. Jembe la nane, jipya, lilikuwa limeegemezwa kwenye kisiki, halina mtu.

"Uko tayari kuomba, Mama Mwalimu?" Majaliwa alikuwa nyuma yake, kisu mkononi, anatabasamu.

Na tuseme kweli: hata hapo alitamani. Uso mzima ulimwasha. Lakini alimtazama Mwanne, na ile michoro ya wiki tatu ikamjia yote, mstari kwa mstari.

"Mimi si fundi," alisema. "Mwiko haunihusu."

Akampokonya kisu. Majaliwa, aliyezoea kuombwa, hakuwa amejifunza kunyang'anywa. Alipotaka kumrukia, majembe saba yalisimama katikati.

Bibiana akamkalisha Mwanne, akakata. Alijua kanisa halitamsamehe hili. Mistari ilitoka imenyooka. Mwanne alijitazama kwenye kioo alichokuja nacho Majaliwa, akalia, akashika njia ya kwao bila kuaga.

Sita waliobaki wakakaa chini mbele ya Bibiana, wakainua videvu wenyewe. Naye akasikia utamu ukimpanda mkononi, utamu mkubwa wa kutisha, akaelewa Majaliwa alikuwa akila nini miaka yote ile.

Akamwita wa pili.