Nyaya Mbili za Ukweni

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mchoraji wa ramani za madaraja alikuwa akiishi ukweni tangu ofisi yao ifungwe, na hakuna aliyethubutu kumpa hata kijiko akioshe. Mama mkwe wake alimheshimu kupita kiasi, naye akamheshimu mama mkwe hadi ikawa kero. Wakikutana koridoni kila mmoja alirudi nyuma kumpisha mwenzake. Mambo yao yote yalipitia kwa mke wake: mwambie mama chumvi imekwisha, mwambie mwenzio maji yanachemka. Na mke mwenyewe alikuwa muuguzi, mchana kutwa hayupo.

Intaneti ya nyumba ilikuwa moja, ya mama. Iliingilia kwenye kisanduku kilichopigiliwa ukutani pale koridoni, na humo zikatoka nyaya mbili: mmoja wa kompyuta ya mchoraji, mwingine wa kompyuta ya mama, aliyekuwa akifundisha ushonaji kwa video. Kusoma barua pepe, hakuna shida. Video mbili kwa pamoja ndiyo ilikuwa balaa: mmoja akionekana, mwingine anaganda mdomo wazi.

Asubuhi hiyo mchoraji alikuwa na usaili wa kazi, na hakumwambia mama mkwe. Usaili wote wa nyuma alimwambia, mama akamwombea dua, naye kila mara akatoka mikono mitupu. Kumvunja moyo tena aliona aibu. Akavaa shati jeupe, akafunga tai. Wengine hufa na tai shingoni. Yeye aliomba tai hiyo imponye.

Wasaili wakatokea kwenye kioo. Ndiyo kwanza anaeleza jinsi alivyolinusuru daraja lililochorewa nguzo fupi, sura zao zikaganda.

"Hatukusikii, bwana. Bwana?"

Na ng'ambo ya ukuta, mama: "Mnaiona mikono yangu? Hamuioni? Jamani, hapa kwenye kwapa ndipo penye kazi!"

Mchoraji angebisha tu ukuta, akasema neno moja. Hakuweza. Intaneti ni yake, nyumba ni yake, wanafunzi ni wake. Nimekula chakula chake miezi yote hii, akawaza, leo nile na kazi yake? Kazi hii aliitaka mno, lakini alitoka hadi koridoni, akauchomoa waya wake mwenyewe ili mama aendelee.

Papo hapo mkono mwingine ukauchomoa waya wa pili. Ni mama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mama! Rudi ukafundishe."

"Nifundishe nini, nami nimekusikia unahangaika na watu wa daraja? Rudi wewe, baba."

"Haiwezekani, Mama. Tangulia wewe."

"Wewe kwanza."

"Hapana, Mama, wewe."

Kisanduku kilikuwa kikimeta taa zake zote na hakuna wa kukitumia. Heshima ile ingewaweka pale hadi jioni, kama mama asingepandwa na hasira.

"Nimesema nenda kakae! Kazi inakupotea, wewe umesimama hapa unaniheshimu!"

Akamnyang'anya waya, akauchomeka mwenyewe. Mchoraji alikimbilia kiti chake kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Wasaili wakarudi, safi kabisa. Hajafungua kinywa, sauti ikapenya mlangoni: "Na ukae wima! Unajikunyata nini?"

Msaili mkuu akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni mama yangu," akajibu. Neno "mkwe" lilikuwa ulimini, akaliacha lipite.

"Basi msikilize," akacheka yule mzee. "Haya, tuambie habari ya hizo nguzo."

Akawaambia. Aliwaambia kwa ufasaha ambao hakujua bado anao, mpaka wakaulizana kwa macho, na mkuu wao akamuuliza kama anaweza kuanza mwezi ujao.

Alipofungua mlango, mama alikuwa bado amesimama palepale, waya wake mkononi.

"Wamenichukua, Mama."

Mama akamgongagonga begani, akauchomeka waya wake, akaingia chumbani haraka. Mchoraji akabaki koridoni. Kuta zile zilikuwa nyembamba, na wanafunzi walikuwa wakiuliza wote kwa pamoja mwalimu alipotelea wapi.

"Nisameheni," mama akasema. "Mwanangu alikuwa kwenye usaili."