Upande Wanakopandia Abiria

Errol Tabone aliendesha tramu, gari la abiria lipitalo juu ya reli za barabarani, katika Barabara ya Sydney, jijini Melbourne, na kila alfajiri alikwenda kazini kwa baiskeli akipita barabara hiyohiyo. Kwa sababu hiyo aliamini kwamba hakuna mtu aliyeijua kuliko yeye. Alijua taa ipi huchelewa, reli hukaribia ukingo wapi, na malori gani ya mikate husimama pasipo ishara. Kofia ngumu aliivaa kwa kuwa sheria iliamuru. Kengele aliing'oa, akisema ni ya watu wanaoshtukizwa.

Majira ya baridi ya mwaka huo alianza kuanguka.

Haikuwa mianguko ya kutisha. Mara kioo cha pembeni cha gari lililoegeshwa kilimkwangua bega. Mara mlango wa gari ulimtupa kwenye reli zenye maji. Mara alilivaa pipa la taka lililosukumwa na upepo. Kila mara aliinuka, akaunyosha usukani, akawahi zamu yake. Na kila mara alikuwa na wa kumlaumu: dereva, manispaa, upepo.

"Mzee, leo umepigana na nani tena?" Vasilis, dereva mwenzake, alimuuliza wakati wa chai, akiutazama mkono uliochunika.

"Na mjinga mmoja wa gari jeupe. Kafungua mlango kama wa kabati lake."

"Si wewe unayeijua barabara hata ukifumba macho?"

"Naijua sana. Wao ndio hawanijui mimi."

Wenzao wakacheka, na Errol akacheka kuwashinda wote.

Mkewe, Doris, hakucheka. Jioni moja Errol alirudi akichechemea, nyonga imevilia damu. Safari hii alikuwa ameligonga gari la mizigo lililosimama, ambalo mlango wake haukufunguka wala kioo chake hakikuchomoza. Aliketi jikoni, Doris akamkanda kwa taulo lenye barafu.

"Hili nalo lilikurukia?"

"Lilisimama vibaya."

"Gari lililosimama linakugongaje, Errol?"

"Niliona nafasi inatosha, bibie, ikapungua kidogo. Basi."

Doris aliacha kukanda. Aliutazama mwili wa mumewe kama mtu anayekagua nguo kabla ya kuifua: bega la kushoto, kiwiko cha kushoto, sasa nyonga ya kushoto. Upande wa kulia haukuwa hata na mkwaruzo. Alichukua kijiko cha chai, akasimama nyuma ya kiti.

"Tazama jokofu. Usigeuze shingo. Ukikiona kijiko, sema."

"Tumeanza michezo ya watoto?"

"Tazama jokofu, bwana."

Alikileta kijiko kutoka kulia. "Hicho," Errol alisema mara moja, mara kilipolipita sikio. Doris akakihamishia kushoto. Kijiko kikalipita sikio, kikalipita shavu, naye Errol aliendelea kulitazama jokofu kwa utulivu.

"Anza basi," alisema. "Pai inapoa."

Kijiko kilikuwa karibu na pua yake.

Doris alikiweka mezani. Errol alikitazama, akamtazama mkewe, akaomba warudie. Walirudia. Mara ya mwisho aliiba kwa kugeuza macho. Doris alimwona.

"Nitageuza shingo zaidi," Errol alisema baadaye. "Miaka michache tu nistaafu. Hakuna haja ya mtu kujua."

"Baiskeli ni yako na mifupa ni yako. Ukitaka kuivunja, ivunje. Lakini abiria wako wanapandia upande gani?"

Katika barabara ile abiria hutoka ukingoni na kuikata njia ya magari ili waifikie tramu, na daima huijia kwa kushoto. Huja na mikongojo, na vigari vya watoto, mkono mmoja juu, wakiamini kwamba dereva amekwisha kuwaona.

"Nikiacha tramu, Doris, mimi nitakuwa nani?"

"Sijui, mume wangu."

Daktari wa macho alithibitisha wiki hiyohiyo. Mishipa ya macho ilikuwa ikifa taratibu, bila maumivu; dawa ingechelewesha kupotea kwa uoni uliobaki, ila uliopotea usingerudi.

Kesho yake Errol alikwenda kazini kwa baiskeli. Alifika salama, bila kuguswa na chochote, na kwa muda alisimama uani akijiambia kwamba daktari alikuwa ametia chumvi.

"Leo umefika mzima!" Vasilis alimpigia kelele. "Barabara imekuogopa, nini?"

"Imeniogopa," Errol alisema. Kisha akaingia kwa msimamizi, akauweka ufunguo wa tramu mezani, akamweleza kwamba upande wa kushoto haoni.

Msimamizi alikuwa muungwana. Alisimama, akamshika mkono, akasema ofisini hakuna nafasi kwa sasa, labda baadaye. Wote wawili walijua maana yake. Tramu ya Errol ilitolewa na Vasilis, ambaye safari hii hakuwa na utani wowote.

Errol hakuthubutu kupanda baiskeli tena. Tramu hazipakii baiskeli, na kuiacha pale alishindwa. Akaikokota kushoto kwake, kando ya maduka, kuelekea nyumbani. Alijilazimisha kugeuza shingo kila hatua chache. Karibu na mkahawa mmoja alisikia tramu ikija upande wa kulia, akageuka kuitazama ikipita, na usukani ukakumba meza iliyokuwa nje. Kikombe kikaanguka, kahawa ikammwagikia mwanamke aliyekuwa akisoma simu.

"We mzee!" mwanamke aliruka. "Huoni?"

"Sioni," Errol alijibu, akainama kutafuta vipande vya kikombe kwa mkono.