Tone Lililorudi

Walimu wa fizikia nao! Mtu kafiwa, badala ya kumpa mkono wa pole, wewe unamwonyesha majaribio. Lakini mwalimu huyu alikuwa ameishiwa maneno. Kaka yake, dereva wa lori, alipata ajali kwenye kona akiwa na mkewe, mke akafa. Tangu hapo kaka hali wala halali, anarudia jambo moja tu: laiti angerudi nyuma dakika moja.

Basi akamwita maabara mchana, wanafunzi wameshatoka. Mezani palikuwa na mtungi mwembamba wa kioo ndani ya mwingine, na kati yake glisirini, nzito kama asali. Mwalimu akadondosha humo tone la rangi nyekundu, akamwambia kaka azungushe mtungi wa ndani kwa mpini wake, taratibu. Tone likavutika, likawa uzi, likawa ukungu, likatoweka. Kaka akasema ndiyo hivyo, limeshapotea.

"Sasa rudisha nyuma, kaka. Polepole vilevile."

Akarudisha. Ukungu ukajikusanya, uzi ukajikunja, na tone likasimama palepale, jekundu. Loo, kaka nywele zilimsimama! Hata mwalimu, aliyeliona jambo hilo miaka nenda miaka rudi, mwili ulimsisimka. Kwa furaha akaropoka kwamba kanuni za mwendo wa chembe hazijui mbele wala nyuma, zinakubali kotekote. Ndipo alipoona uso wa kaka umejaa matumaini, akajuta.

"Kumbe inawezekana, mdogo wangu. Hata kwetu."

Mwalimu angeweza kumdanganya, kwa jinsi alivyompenda. Akapiga moyo konde, akaeleza kwamba kila chembe ya hewa, ya mwanga na ya damu ingebidi igeuzwe kwa pamoja, na mkono wa kuzigeuza haupo.

"Na hata zingegeuka, kumbukumbu zako nazo zingejikunja kama uzi ule. Ungeifikia dakika ile hujui lolote, ukakata kona ileile."

Kaka akauliza kama, kwa kuendelea kurudi, angeifikia harusi yao. Mwalimu akasema angeifikia, na angeipita, mpaka siku ambazo hawajaonana bado.

"Nisimjue?"

"Usimjue kabisa."

Kaka akauachia mpini kama umemchoma. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu mazishi, na mwalimu akamshika bega.

"Basi acha muda uende mbele," kaka akasema. "Siwezi kumsahau."