Siku Niliyomwaga Ndoo Nzima Sebuleni

Wajukuu zangu, mimi nimeogopa mengi, lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa sakafu ya sebule yangu mwenyewe. Msicheke, ngojeni kwanza.

Bibi yenu alipovunjika nyonga, daktari alisema mfupa umeunga, ila akianguka tena hasimami. Basi. Maneno yale yakanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Chakula nampakulia mimi, na akinyanyuka kwenda chooni, naacha kula. Akikohoa, naangalia miguu.

Na sakafu ilikuwa inateleza. Ile saruji nyekundu naipaka polishi kila Jumamosi, nasugua kwa gunia mpaka unaona meno yako. Ya zamani sijawahi kuitoa. Napaka ya leo juu ya jana, ya jana juu ya juzi, miaka kumi na tisa. Chini ya kabati ilikuwa nyeusi, nene, ukichimba kwa ukucha inatoka kama nta ya sikio. Pale katikati pa kupita, kioo.

Jirani anayesafisha maofisi, tunamwita Fagio, akaniambia hiyo inatolewa. Maji ya moto, sabuni ya unga, amonia kidogo, madirisha wazi. Unamwaga mahali padogo, kama upana wa meza, unangoja dakika kumi, unakwangua, unafuta pakauke, ndiyo unasogea. Akarudia, padogo, mzee. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Bibi yenu hakutaka iguswe. Sakafu yake hiyo, wageni wanaisifia. Nikangoja alale mchana, maana hulala saa nzima. Sasa nikapiga hesabu, kipande kwa kipande ataamka sijafika hata kwenye kochi. Nikamwaga ndoo yote. Nimeanzia mlango wa chumbani, narudi kinyumenyume mpaka mlango wa nje, nikakaa kizingitini.

Dakika kumi zilipopita nikaweka mguu. Wee! Ile polishi yote ilikuwa imeyeyuka kwa pamoja, sebule nzima kamasi. Mguu ukaondoka wenyewe, nikadaka fremu ya mlango. Nikiwa bado nimening'inia pale, nikasikia kitanda kinalia chumbani. Halafu fimbo. Ko. Ko.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Yuko peku, usingizi bado usoni. Kati yetu hatua nane.

"Mama watoto, usitoke. Rudi kitandani."

Sasa bibi yenu, ukimwambia asiende ndiyo umempa nauli. Akaangalia wekundu wake umekuwa tope. Akauliza nimeifanya nini sakafu yake. Akatanguliza fimbo, ncha ikateleza, akairudisha, akawa anatafuta pengine pa kuiweka.

Nikapiga magoti nikaanza kutambaa. Polepole, maana nikiharakisha goti linakimbia. Amonia inachoma macho. Nikaona simfikii.

Lakini kitu kimoja nakijua. Mke wangu hawezi kutembea na kugombana kwa pamoja. Akigombana lazima asimame, aegemee fimbo, apate pumzi ya kutosha. Amewahi kusimama katikati ya barabara, magari yanapiga honi, mpaka anamaliza. Ila ugomvi mdogo usingemsimamisha, angekuja nao. Nilihitaji mkubwa. Na mkubwa nilikuwa nao mmoja tu, nimeuficha mwaka mzima.

"Siku ulipoanguka," nikasema, "hazikuwa kandambili."

Mguu uliokuwa hewani ukarudi chini, upande wa chumbani.

"Unasema nini?"

"Asubuhi ile nilipaka polishi mara mbili, sikukwambia. Ulipoanguka nikaogopa. Nikasema kandambili zimekwisha soli."

Nikasogeza goti.

"Watoto walinisema mimi," akasema. "Mbele ya wakwe zangu. Mtu mzima navaa kandambili mbovu."

"Walikusema."

"Na wewe umekaa hapo unakunywa chai."

"Nilikaa."

"Tena ukazichoma moto."

"Nilizichoma."

Hapo akafunguka, jamani. Akaanza na mimi, akaenda kwa mama yangu, akarudi. Mimi natambaa tu, suruali imelowa mpaka mapajani. Akiishiwa maneno, fimbo inasogea, na mimi naongeza kosa jingine. Nikakiri hata mabakuli niliyovunja nikamsingizia shemeji. Mpaka nikafika, nikamshika vifundo vya miguu kwa mikono yote miwili.

Akatuliza fimbo.

"Mwaka mzima," akasema taratibu, "najua miguu yangu ndiyo mibovu. Nikivuka hapa nahesabu hatua."

Nikazidi kumshika.

"Niachie. Kafute."

Akakaa kitandani, mlango wazi. Nikakwangua padogo, nikafuta, nikasogea, kama nilivyoambiwa mwanzo. Kila nikigeuka, macho yake yako kwangu.

Jioni sakafu ilikuwa imekauka, imefifia, inakwaruza nyayo, mtoto anayejifunza kutembea angeivuka. Nikamnyooshea mkono. Akapita pembeni yangu hatua zote nane bila kunishika, akaketi mezani, akajipakulia chakula mwenyewe.