Mkeka wa Sajini Sakaria

Tarehe 19 Februari 1942. Tangu alfajiri mvua ilikuwa ikishuka kutoka mlima Pioa, nasi wanabendi wa Fita Fita, kikosi cha askari wenyeji wa kisiwa cha Tutuila, tumeketi matopeni, miguu mitupu, mbele ya nyumba ya Mzee Leituala, mkuu wa kijiji chetu. Katikati yetu, amejifunika mkeka laini wa ukoo wake kama afanyavyo mkosaji aombaye msamaha, alikuwa Sajini Sakaria, mpiga ngoma kubwa.

Kosa lake lilikuwa la jana jioni. Kapteni Hollis, mkuu wetu wa Kizungu aliyefika Tutuila majuzi, alitaka bendi ipite kijijini ili watu wasiwaogope Wajapani. Tukiwa njiani, kombe la baharini, baragumu la kuita sala ya jioni, likapulizwa. Kila mtu akakaa chini pale alipokuwa, nasi pia, tarumbeta mapajani, maana saa hiyo ni ya Mungu. Kapteni akafoka tupige. Sakaria peke yake akaendelea, akitamba barabarani na mshipi wake mwekundu kama jogoo, kwa kuwa alikipenda cheo kuliko zaburi. Usiku wazee wakaamua: asiposamehewa kabla ya sala ya leo, atahama kijiji, yeye na mkewe na watoto.

Mzee Leituala alikuwa ametuona mapema. Aliomba dua ndefu kwa ajili ya wanyenyekevu wote duniani, kisha akaagiza kakao. Alipoimaliza akaagiza nyingine.

"Mwache alowe," tulimsikia akimwambia mkewe. "Jana alikuwa mkavu mno."

Mkewe akamjibu kuwa magimbi ya kula na kakao yamekwisha, kwa hiyo pengine msamaha ungeanza.

Ndipo Kapteni akaja kututafuta, kwani hatukuonekana gwarideni. Alipouona mkeka uso ukamng'aa. Akasema hatimaye tumeielewa vita: huo ndio ujanja wa kujificha ili ndege za adui zisituone. Hakuna aliyemsahihisha. Kwetu mkubwa akipotea njia, sisi humsindikiza. Akainama, akajipenyeza chini ya mkeka apime kama umefunika sawasawa.

Mzee akatoka wakati huohuo, akaufunua, akakuta vichwa viwili. Machozi yakamlengalenga. Mzungu mwenye cheo, amenyenyekea mlangoni pake! Akawasamehe wote wawili palepale, akawainua kwa mikono yake. Kapteni akashukuru, akidhani amesifiwa.

Sakaria alianza kuukunja mkeka harakaharaka. Mzee akamzuia. Msamaha umetoka, alisema, lakini bado neno la ahadi la mkosaji, na neno hilo lisemwe kwa lugha anayoisikia Kapteni.

Sakaria akatazama barabarani. Mkewe alikuwa amesimama pale na watoto, vyombo vyao vimefungwa tayari ndani ya shuka. Akageuka, akakaza mshipi wake uliolowa.

"Afande," akasema kwa Kiingereza, kijiji kizima kikisikiliza, "leo jioni kombe likilia, nitakaa chini. Ukitaka ngoma ilie, utaipiga mwenyewe."